Visoda 260 kwa watoto 60

Darasa la awali lenye watoto 60 halihitaji visoda (vifuniko vya bati vya chupa) 1,200 vya kuhesabia. Walimu wengi hupiga hesabu hivyo, visoda 20 kwa kila mtoto, wakauona mzigo, wakaishia kuchora visoda ubaoni. Gawa watoto makundi 10 ya watoto sita sita, kisha peleka makundi mawili kila kona: hisabati, lugha, ujenzi, sanaa na igizo. Kwa wakati mmoja watakaohesabu ni 12 tu. 12 mara 20 ni 240. Ongeza 20 vya akiba, maana vitapotea. Mwombe mwenye baa au mgahawa wa jirani akuwekee ndoo.

Viloweke usiku kucha kwenye maji ya sabuni, vioshe, vianike juani. Ukiruka hatua hii, sukari iliyobaki itakuletea sisimizi darasani. Halafu shughulikia meno. Usikiponde kisoda kikawa bapa, kwa sababu meno yatatanuka kwenda nje na kukata kama wembe. Kilaze juu ya jiwe, meno yakitazama juu, uyagonge taratibu kuelekea ndani huku ukikizungusha, mpaka yalale. Pitisha kidole ukingoni. Kinachokukwaruza wewe, kitupe. Na kama darasani wamo wadogo wa chini ya miaka mitatu, visoda visifike mikononi mwao. Huingia kinywani na kukwama kooni.

Sasa trei za mayai. Trei ya mayai 30 ina mistari sita yenye matundu matano. Kata mistari miwili miwili, utapata vipande vitatu vyenye matundu 10 kila kimoja. Kila mtoto apewe vipande viwili, kwa hiyo watoto 12 wanahitaji trei nane. Chagua zisizo na kinyesi wala ute wa yai. Karatasi hii haioshwi, ikilowa inamumunyuka, na kuianika tu hakuondoi vijidudu vya kuharisha.

Kwa nini trei, na si kurundika visoda mezani? Kwenye rundo mtoto huhesabu kisoda kimoja mara mbili na kuruka kingine. Kwenye trei kila kisoda kina tundu lake. Saba inaonekana kabla ya kuhesabiwa: mstari mmoja umejaa, wa pili una viwili. Na hapa Kiswahili kinatusaidia sana. Kumi na tatu ni kipande kilichojaa na visoda vitatu kwenye cha pili, kama jina lenyewe linavyosema. Mruhusu mtoto aguse na kutamka: kumi, na tatu. Ndipo umwonyeshe tarakimu 13.

Kujumlisha hakuhitaji hata rangi, kwa kuwa kisoda kina nyuso mbili. Mtoto anatikisa vitano mkononi, anavimwaga mkekani: vitatu vimelala kifudifudi, viwili chali. Anamwaga tena: vinne na kimoja. Bado ni vitano.

Herufi za mchanga, ambazo mtoto huzifuatisha kwa kidole, ni rahisi zaidi. Kata boksi vipande vya sentimita 15 kwa 15. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano na kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka, koroga dakika chache mpaka uji uwe mzito na uanze kung'aa. Ukipoa, chora herufi kwa gundi hiyo, nyunyiza mchanga uliochekechwa, acha ukauke siku nzima. Weka nukta pale kidole kinapoanzia, na mstari chini ya herufi. Bila mstari huo mtoto akigeuza kadi, b na q hazitofautiani. Gundi ya unga huliwa na panya na mende, kwa hiyo kadi zilale kwenye ndoo yenye mfuniko.

Unga huohuo sishauri kuukanda uwe wa kuchezea. Mtoto aliyeondoka nyumbani bila uji asipewe chakula kama mchezo. Udongo wa kichuguu uliotwangwa, ukachekechwa na kulowekwa usiku mmoja, unafinyangika vizuri na hauna gharama.

Tafadhali msivitundike vitu hivi darini. Viwekwe chini, kwenye makopo ambayo mkono wa mtoto unafika. Kabla ya kurudisha, kila mtoto ajaze vipande vyake viwili, kisoda kimoja kila tundu. Tundu likibaki wazi, wenzake wanainua mkeka na kukitafuta.