Nilivyoandika sera ya akili mnemba kwa mradi wangu

Natunza maktaba ndogo ya programu huria, yaani msimbo ambao programu nyingine huutumia, inayosoma tarehe kutoka kwenye mafaili. Jioni moja uliingia mchango wa msimbo wa mistari zaidi ya 600, maelezo yamenyooka, majaribio yote yamepita. Nilikaa nao saa tatu. Msimbo ulikuwa unagawanya mwaka kwa 4, ukigawanyika basi Februari inapewa siku 29, hivyo 2100 ukahesabiwa kuwa mwaka mrefu, na sio, kwa kuwa mwaka unaofunga karne lazima ugawanyike kwa 400. Majaribio hayakulinasa kosa hilo kwa sababu jibu lililotarajiwa lilikuwa linatolewa na funksheni (kipande cha msimbo) ileile inayojaribiwa! Nikamwuliza mchangiaji kuhusu 2100. Baada ya dakika mbili zikaja aya nne za shukrani na msimbo mpya wenye kosa jingine.

Zile saa tatu ziliniuma. Kuzalisha mistari 600 kwa akili mnemba siku hizi ni suala la dakika, lakini kuikagua bado ni kazi ya mtu, mstari kwa mstari.

Nikaanza kwa pupa, kila mchango ulionitia shaka kwamba umeandikwa na mashine nikaukataa. Hapo nilikosea. Wa pili kumkataa alikuwa ameandika msimbo wote kwa mkono wake, mashine aliitumia kutafsiri maelezo tu. Nilimwomba radhi, nikaufungua mchango wake upya. Tangu siku hiyo sitaki sera inayotegemea hisia za mkaguzi.

Ndipo nikasoma sera za wenzetu, miradi mikubwa ya programu huria. Gentoo, wanaotengeneza toleo la Linux, walipiga marufuku michango ya akili mnemba Aprili 2024 kwa sababu za hakimiliki, ubora na maadili. NetBSD, mradi wa mfumo endeshi, mwezi uliofuata wakasema msimbo wa namna hiyo unachukuliwa kuwa na doa, hauingii bila idhini ya maandishi ya viongozi wa mradi. Iliyonikaa zaidi ni hoja ya 2025 ya QEMU, programu ya kuiga kompyuta ndani ya kompyuta. Kule anayechangia huweka sahihi ya Signed-off-by, desturi iliyoanza kwenye Linux mwaka 2004, kuthibitisha kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo chini ya leseni ya mradi. Sasa atathibitishaje kitu asichojua kimetoka wapi? Fedora, toleo jingine la Linux, wao wameruhusu, ilimradi mchangiaji aseme na awajibike.

Mimi siwezi kukataza nisichokiona, kwa hiyo nikafuata njia ya Fedora. Sema ulipotumia akili mnemba. Maelezo na majibu yawe yako, kwa lugha yoyote unayoimudu. Mchango unaozidi mistari 200 tujadiliane kwanza. Mstari usioweza kuueleza hauingii. Sharti la mistari 200 ndilo lililonipunguzia mzigo kuliko yote, na wala halihusu mashine.

Wiki iliyopita mtu ameleta mistari 11. Chini ameandika kwamba majaribio yalipendekezwa na akili mnemba, ila moja ameliandika upya kwa sababu lilikuwa halijaribu chochote. Nilimaliza kuukagua kwa robo saa, nikauingiza.