Sviatoslav Richter, mpiga piano aliyezikwepa kumbi kubwa

Mpiga piano wa muziki wa klasiki anayealikwa kila bara huishi kwa kalenda. Kumbi na okestra hupanga misimu yao mapema mno, hivyo msanii hulazimika kuamua leo atapiga sonata gani, yaani kazi ndefu ya piano yenye sehemu kadhaa, jioni fulani ya mwaka ujao au wa baadaye, katika mji ambao pengine hajawahi kuuona, na kwa piano atakayoijaribu kwa saa chache tu kabla ya watu kuketi, kwa kuwa chombo chenyewe hakibebeki mgongoni. Sviatoslav Richter aliufuata utaratibu huo kwa miaka kadhaa, lakini kadiri sifa zake zilivyopanda ndivyo alivyozidi kuukwepa, na hilo ndilo linalonivutia kwake kuliko hata vidole vyake.

Alizaliwa mwaka 1915 mjini Zhytomyr, katika Ukraine ya leo, akakulia Odessa. Tangu ujana wake alikuwa akiwapigia piano waimbaji wa opera katika mazoezi yao, na alikuwa na umri wa miaka 22 alipofika kwa mwalimu Heinrich Neuhaus katika Konsavatori ya Moscow, chuo cha muziki, ambako alifukuzwa kwa kutojali masomo ya siasa kisha akarudishwa. Mwaka 1941 baba yake, mwanamuziki mwenye asili ya Kijerumani, aliuawa kwa risasi na dola ya Kisovieti, na baadaye mama yake akahamia Ujerumani. Kwa historia ya namna hiyo, si ajabu kwamba wakubwa walisita kumruhusu kwenda nchi za Magharibi, hata pale mpiga piano mwenzake Emil Gilels, aliyetangulia kutumbuiza Marekani mwaka 1955, alipowaambia waliomsifu wangoje kwanza wamsikie Richter.

Kwa muda huo wote alijulikana huko kwa santuri. Rekodi yake ya Sofia, Bulgaria, ya Februari 1958, ndiyo ninayoirudia mara kwa mara. Anapiga kazi ya mtunzi Mrusi Mussorgsky kuhusu maonyesho ya picha; ni majira ya baridi, watu wanakohoa kila upande wa ukumbi, na noti kadhaa zinamponyoka. Hata hivyo, katika sehemu ya mwisho, ile ya lango kuu la Kiev, anazipandisha sauti nzito hatua kwa hatua bila haraka yoyote, mpaka msikilizaji anasahau kabisa vikohozi. Studio ingesafisha yote hayo, na nadhani ingepoteza kitu.

Alipofunguliwa mlango wa Marekani mwaka 1960, alianzia Chicago mwezi Oktoba kwa koncheto ya pili ya mtunzi Brahms, kazi ya piano na okestra, kisha akapiga mfululizo wa maonyesho katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Katika safari hiyo alionana na mama yake, baada ya miaka 19. Msanii mwingine angeifanya Marekani kituo chake cha kila mwaka, lakini Richter hakurudi tena baada ya 1970. Alipenda zaidi mahali kama Meslay, karibu na Tours nchini Ufaransa, ambako mwaka 1964 alianzisha tamasha ndani ya ghala la shamba lililojengwa karne ya 13. Mwaka 1986 aliondoka Moscow kwa gari, akaivuka Siberia na kurudi, akitoa takriban maonyesho 150, mengine katika miji midogo isiyokuwa na ukumbi wa muziki.

Miaka hiyo ya mwisho alipiga gizani, taa moja ndogo ikimulika kurasa za noti mbele yake na mgeuza kurasa akiwa kando, kwa hoja kwamba watu waje kusikiliza muziki, si kutazama uso wala mikono yake. Hapo namuunga mkono. Nisichomtetea ni desturi yake ya kufuta maonyesho dakika za mwisho, maana aliyesafiri kutoka mbali na tiketi yake mkononi naye ana haki. Waandaaji waliomjua waliukubali usumbufu huo, na waliendelea kumwalika hadi onyesho lake la mwisho, Lübeck, Machi 1995, alipopiga sonata za mtunzi Haydn akiwa na umri wa miaka 80.