Laksa ya Mji Gani? Kula Malaysia Mji kwa Mji

Nchini Malaysia, jina la chakula halijakamilika mpaka utaje mji. Mtu akila laksa, yaani tambi ndani ya supu au mchuzi, huko Penang, ikamkolea, halafu akaagiza laksa Kuching akingojea bakuli lile lile, ataletewa kitu kingine kabisa. Ya Penang ni mchuzi mchachu wa samaki usio na tone la tui. Ya Kuching ina tui, kamba na viungo vilivyosagwa. Hakuna aliyemdanganya. Orodha za vyakula kumi vya kuonja Malaysia hazimfai sana msafiri kwa sababu hiyo: hazimwambii akile wapi, saa ngapi, na akikute na sura gani.

Tuanze na laksa yenyewe, maana ndiyo inayochanganya watu kuliko vyote.

Asam laksa ya Penang hupikwa kwa ikan kembung, samaki ambaye mvuvi wa Mombasa au Bagamoyo angemwita kibua. Vibua huchemshwa, wakatolewa miiba, minofu ikachambuliwa na kurudishwa kwenye supu yenye mchaichai, pilipili, vitunguu na belacan, yaani uduvi uliosagwa kwa chumvi, ukachachuka na kuanikwa. Uchachu unatokana na ukwaju pamoja na vipande vikavu vya tunda liitwalo asam gelugur. Kazi ya kukata shombo ni ya mimea miwili: majani ya daun kesum, na bunga kantan, ua la rangi ya waridi la jamii ya tangawizi. Supu ikinuka shombo, ujue muuzaji ameibania mimea hiyo.

Kabla hujaketi, simama umwangalie anavyopakua. Tambi nene nyeupe za mchele ziko baridi ndani ya bakuli. Anazimwagia upawa wa supu ya moto, anainamisha bakuli huku amezizuia tambi kwa upawa ule ule, na supu inarudi sufuriani. Anarudia mara tatu, nne, mpaka tambi zishike joto na ladha. Hapo ndipo anapanga juu tango, nanasi, kitunguu chekundu, nanaa na bunga kantan iliyokatwa nyembamba, kisha anamalizia na supu. Kibanda kinachoruka hatua hiyo kitakupa bakuli la uvuguvugu, tambi zikiwa na ladha yake na supu na yake. Pembeni utawekewa kijiko cha petis udang, rojo jeusi, zito, tamu, la kamba. Usilikoroge lote kwa mpigo. Weka nusu, onja, kisha uamue. Likizidi linaumeza uchachu wote na bakuli linabaki tamu tu. Aliyezoea urojo wa Unguja hatapata shida na chakula hiki: uchachu, pilipili na vitu vingi ndani ya bakuli moja.

Ukiwa kisiwani Penang nenda pia Balik Pulau, upande wa pili wa vilima ukitokea George Town. Huko utapata asam laksa na laksa ya tui, mara nyingi chini ya paa moja. Agiza zote mbili muwe wawili, mbadilishane mabakuli katikati ya mlo.

Laksa ya Sarawak, jimbo ambalo mji wake mkuu ni Kuching, ni chakula cha asubuhi. Tambi zake ni nyembamba, supu ina tui jepesi, na juu kuna kamba, vipande vya kuku, mayai yaliyokaangwa kama chapati nyembamba na kukatwa nyuzi nyuzi, na majani ya giligilani. Hukamuliwa ndimu na kuwekewa sambal, yaani pilipili ya kusaga, pembeni. Vibanda vizuri vya Kuching vinaweza kumaliza kabla ya adhuhuri, kwa hiyo usiipangie chakula cha mchana. Laksa ya Johor huandaliwa kwa spageti, na rojo lake la samaki ni zito kwa kerisik, yaani nazi iliyokunwa, ikakaangwa kavu hadi ikawa hudhurungi, ikatwangwa mpaka ikatoa mafuta. Huliwa kwa mkono. Kelantan na Terengganu wana laksam: unga wa mchele uliopikwa kwa mvuke kama kitambaa kinene, ukaviringishwa, ukakatwa, ukamwagiwa mchuzi mweupe wa samaki na tui. Melaka wana laksa nyonya, ya familia za Kichina zilizochanganyika na Wamalay kwa karne kadhaa.

Mambo ni yale yale kwa Hokkien mee, chakula cha tambi cha Wachina. Penang ni supu ya vichwa na maganda ya kamba. Kuala Lumpur ni tambi nene za njano zilizokaangwa kwa mchuzi mweusi wa soya. Zote mbili kwa kawaida zina nguruwe, ama mifupa ndani ya supu, ama mafuta yake kwenye karai.

Hili la nguruwe lazima lisemwe waziwazi, kwa sababu wasomaji wengi wa Kiswahili ni Waislamu na vyakula vya Kichina ndivyo vinavyoshangiliwa zaidi na wageni. Alama ya kutafuta ni ile ya halali inayotolewa na JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu. Kibao kinachosema hakuna nguruwe wala mafuta ya nguruwe hakitoshi: kuku anaweza kuwa hakuchinjwa kwa taratibu za Kiislamu, na mchuzi unaweza kutiwa mvinyo wa kupikia. Bak kut teh, supu ya mbavu za nguruwe na mitishamba inayohusishwa na mji wa Klang, haina mjadala katika umbo lake la asili, ingawa mwaka 2024 serikali iliiingiza kwenye orodha ya vyakula vya urithi wa taifa. Wasiokula nguruwe wasikate tamaa lakini. Kuching kuna vibanda vya Waislamu vinavyouza kolo mee, tambi kavu za mayai, kwa nyama ya ng'ombe au kuku, na Penang Wamalay wana char kway teow yao.

Hiyo char kway teow inataka maneno ya ziada. Ni tambi bapa za mchele zilizokaangwa na kamba, yai, choroko zilizochipua, majani ya vitunguu na kombe wadogo. Ya Wachina hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe na soseji yao tamu. Ya Wamalay haina hivyo, na mara nyingi huwa na rojo kidogo. Siri yake ni moto. Karai lazima liwe la moto kiasi kwamba tambi zinaungua kingo kabla hazijatoa maji, na harufu ile ya moshi ndiyo watu wanayoisafiria. Mpishi akiweka sahani nne kwa pamoja, karai linapoa, choroko zinatoa maji, na tambi zinachemka badala ya kukaangika: zitakuja zimelowa, zimekatikakatika, za rangi moja. Basi chagua anayekaanga sahani moja moja au mbili, hata kama foleni ni ndefu. Kombe hutiwa mwisho kabisa, sekunde chache tu, na hapo kuna hatari kwa tumbo la msafiri, maana kombe wasioiva vizuri huleta maradhi. Sema "tak mahu kerang", sitaki kombe, na sahani haitaharibika.

Sasa pwani ya mashariki, ambako wageni wengi hawafiki na ambako, kwa maoni yangu, ndiko upishi wa Kimalay ulikojaa zaidi.

Kota Bharu, mji mkuu wa Kelantan, nasi kerabu huuzwa tangu asubuhi. Ni wali wa rangi ya buluu iliyotoka kwenye maua ya bunga telang, unaozungukwa na majani mabichi yaliyokatwa nyembamba sana, nazi iliyokaangwa na samaki, yai la chumvi, pilipili iliyojazwa samaki na nazi, na samaki wa kukaanga au kuku wa kuchoma. Buluu yenyewe haina ladha. Wapo wanaotumia rangi ya dukani, na kuna njia rahisi ya kujua: kamulia ndimu punje chache za wali. Rangi ya maua hugeuka zambarau kwa sababu ya tindikali. Ya dukani kwa kawaida hubaki kama ilivyo. Juu yake hutiwa budu, maji mazito ya dagaa waliochachushwa kwa chumvi miezi kadhaa. Anza na kijiko kimoja cha chai. Budu ni chumvi kali, na ukiimwaga kama mchuzi hutahisi tena majani, ambayo ndiyo roho ya sahani ile. Changanya kila kitu kwanza, ndipo ule.

Nasi dagang ndiyo ningemwambia mtu wa pwani ya Afrika Mashariki aanze nayo, kwa sababu ataitambua na wakati huo huo itamshangaza. Ni wali wa nazi wenye uwatu, unaoliwa na mchuzi wa jodari mdogo na achari ya tango. Kelantan hutumia mchele wao maalumu wenye wekundu. Terengganu huchanganya mchele mweupe na mchele wa kunata. Wa Terengganu unaweza kuupika nyumbani. Chukua vikombe 3 vya mchele wa kawaida na kikombe 1 cha mchele wa kunata, loweka pamoja na kijiko 1 cha mezani cha uwatu usiku kucha, uchuje. Pika kwa mvuke dakika 25 hivi. Pakua kwenye sinia, nyunyizia nusu ya kikombe kimoja na nusu cha tui zito lenye chumvi, geuza taratibu, funika dakika 10 mpaka wali unyonye. Rudisha kwenye mvuke dakika 15, kisha umalizie tui lililobaki pamoja na vitunguu vidogo na tangawizi vilivyokatwa nyembamba, na dakika 10 nyingine za mvuke.

Watu huharibu kwa njia mbili. Ama wanauchemsha mchele ndani ya tui kama wali wetu wa nazi, na ule wa kunata unageuka mashendea. Ama wanamimina tui lote mara moja: nje punje zinalainika, ndani zina kiini. Na usizidishe uwatu. Kijiko cha pili huleta uchungu.

Huko pwani ya mashariki nasi dagang ni kifungua kinywa, na kibanda chenye sifa kinaweza kufunga saa 4 asubuhi. Mapumziko ya wiki Kelantan na Terengganu ni Ijumaa na Jumamosi, na Ijumaa maduka mengi hufungwa, kwa hiyo usifike siku hiyo ukitegemea kuona soko kubwa la Siti Khadijah la Kota Bharu likiwa limechangamka. Ramadhani kula mchana kutakuwa kugumu, lakini kuanzia alasiri barabara hujaa magenge ya futari, na hakuna wakati mzuri kuliko huo wa kuonja vitu kumi kwa siku moja.

Ukishuka Pahang, mji wa Temerloh unajulikana kwa samaki wa mtoni aitwaye patin, anayepikwa kwa tempoyak. Hiyo ni nyama ya doriani iliyochachushwa na chumvi kidogo kwa siku kadhaa. Waliokulia Unguja wanaijua harufu ya doriani na tayari wameshachagua upande. Hata anayeichukia aijaribu hapa, kwa sababu kuchachuka kunapunguza utamu na kuleta uchachu, na mafuta ya patin yanautaka uchachu huo. Negeri Sembilan, ambako wengi asili yao ni Waminangkabau wa Sumatra, wanapika masak lemak cili api: tui, manjano mabichi na pilipili kichaa kwa wingi. Utaijua iliyopikwa na mtu makini kwa kutazama mchuzi. Tui likichemka bila kukorogwa hukatika, ukaona maji chini na mabonge juu.

Ipoh ni mji wa Wachina na hauhitaji zaidi ya siku moja: kuku wa kuchemshwa na choroko zilizochipua, fupi na nene, ambazo wenyewe husema zinatokana na maji ya vilima vya chokaa, na kahawa nyeupe, ambayo buni zake hukaangwa kwa majarini na kunywewa na maziwa mazito ya kopo. Ukiiona tamu mno, sema "kurang manis". Katika mikahawa hii ya Kichina kila kibanda kina mwenyewe. Vinywaji huagizwa kwa mwenye jengo, na ukikaa bila kuagiza kinywaji baadhi yao hukutoza kidogo.

Melaka usiondoke bila cendol: barafu iliyokunwa, tui, nyuzi za kijani za unga zenye harufu ya pandani, mmea wa jamii moja na mkadi, na gula melaka, sukari inayopikwa kutokana na utomvu wa karara la mnazi. Ukitaka kununua ya kubeba, omba kuonja kipande. Ya kweli ina harufu ya moshi kidogo, humumunyuka ulimini na utamu wake hauchomi koo. Iliyochanganywa na sukari ya miwa huwa ngumu, inang'aa ukiivunja, na ni tamu tu. Ifunge kwa karatasi kisha mfuko wa plastiki, kwa sababu ikipata joto na unyevu huyeyuka ndani ya begi.