Siku moja ya bwana mifugo wa kata, Moshi: mbwa, geti na kasha la barafu

Saa 12:15 asubuhi

Hakuna saa mbaya kama hii. Usiku mbwa amefunguliwa alinde ua. Alfajiri kijana wa kazi anafungua geti akafuate maziwa, analirudishia bila kusukuma komeo, na mbwa anaingia barabarani saa ileile watoto wanawahi shule. Pasua, Njoro, Majengo, hadithi ni moja. Wengi tunaowaita mbwa koko wana wenyewe. Mfuate mmoja polepole kutoka kwenye ghuba la taka, atakupeleka mpaka getini kwao.

Ndiyo maana risasi na sumu hazijawahi kumaliza mbwa wa barabarani wala kichaa cha mbwa. Ukiua kumi waliochanjwa, nafasi yao inajazwa na watoto wa mbwa wasio na chanjo, na mtaa unabaki na hatari kubwa kuliko jana.

Saa 1:30

Ofisi ya kata. Mtu ameitwa kwa sababu ya mbwa wake anayezurura, anauliza sheria imetoka wapi. Ana haki ya kuuliza. Kwa mji kama Moshi, sheria ndogo hutungwa na halmashauri chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, Waziri akaidhinisha, zikachapishwa katika Gazeti la Serikali. Omba kuonyeshwa kifungu. Kiwango cha faini kimeandikwa humo, na hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali ukapewa risiti. Anayetaka ya mkononi, mwache.

Sheria ndogo za aina hii kwa kawaida zinataka mambo yaleyale: mbwa aandikishwe, achanjwe kila mwaka, asizurure, na akitoka awe kwenye mnyororo mkononi mwa mtu anayemmudu. Mtoto wa miaka minane akiburutwa na mbwa wa kilo thelathini, huyo mbwa hajashikwa. Juu ya sheria ndogo hizo zipo Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Hiyo ya pili inatubana hata sisi maofisa: hakuna ruhusa ya kumtesa mnyama kwa kisingizio cha kusafisha mji.

Saa 2:15

Kufunga chanjo kwenye kasha la barafu. Joto linalotakiwa ni nyuzi 2 hadi 8. Kila mtu anaogopa jua, lakini chanjo ya kichaa cha mbwa huharibika pia ikiganda. Vipakiti vya barafu vikitoka kwenye friza vinaachwa mezani kwanza, mpaka ukitikisa usikie maji yanacheza ndani. Chupa zinafungwa gazeti zisigusane na barafu, kipimajoto kinakaa katikati. Chupa ya mililita 10 ni mbwa kumi, na ukishaitoboa usiirudishe ofisini kwa ajili ya kesho.

Saa 3:00 hadi 6:00

Uwanja wa mtaa. Mwenyekiti alitangaza jana kwa kipaza sauti, watoto wameleta mbwa kwa kamba za katani. Kosa la kwanza ni foleni. Mbwa wawili wakikaribiana ugomvi unaanza, wengine wanakatika kamba, na hao hurudi tena mwaka ujao kama wanarudi. Weka hatua tatu kati ya mbwa na mbwa, na njia ya kutokea isiwe ile ya kuingilia.

"Bwana mifugo, huyu wangu mpole, hana haja ya kufungwa mdomo."

"Shikamoo mama. Kwako mpole, mimi hajanizoea. Naomba tumfunge."

Bandeji ya mita moja inatosha. Kitanzi juu ya pua, vuka chini ya kidevu, funga nyuma ya masikio. Bila fundo la nyuma ataivua kwa mguu mmoja. Ifungue mara ukimaliza, kwa sababu mbwa hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi.

Dozi ni mililita 1, chini ya ngozi legevu ya shingo. Inua ngozi kama hema, ingiza sindano sehemu ya chini ya hema. Ukiharakisha, ncha inatokea upande wa pili na chanjo yote inaishia kwenye manyoya. Pitisha kidole: pakilowa, rudia. Mbwa wa hivyo hupewa kadi, akahesabiwa amelindwa, kumbe hana kitu.

Watoto wa mbwa chini ya miezi mitatu nao wanachanjwa kwenye kampeni, kisha wanarudiwa wakifika umri. Shirika la Afya Duniani linataka walau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo. Kwa kuwa mbwa wetu huishi muda mfupi na kuzaa sana, kiwango hicho hushuka ndani ya miezi, na kazi inarudi kila mwaka.

Angalia na shingo. Mnyororo uliofungwa kwa waya hukata ngozi hadi nyama. Mkanda uwe mpana, upitishe vidole viwili. Ukilegea zaidi, mbwa anarudi nyuma na kuuvua.

Saa 7:20 mchana

Simu: mtoto kaumwa. La kwanza ni kidonda, kabla ya mbwa: maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili kwa kuangalia saa. Hakuna pilipili, mafuta ya taa wala tope. Kisha hospitali siku hiyohiyo. Ratiba ya sindano za chanjo hupangwa na daktari, na ya kawaida huanza siku hiyo, ikafuata siku ya 3, ya 7 na nyingine kadiri daktari atakavyopanga. Wengi huishia sindano ya kwanza kwa sababu kidonda kimekauka. Kirusi hakijali kidonda kukauka. Dalili zinaweza kuja baada ya miezi miwili, mitatu, na zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Mbwa asiuawe. Afungwe, aangaliwe siku 10. Akiwa mzima siku ya kumi, hakuwa na kirusi kwenye mate alipouma. Watu wakishampiga, basi kichwa kisipondwe, maana ubongo ndio unaopimwa. Kituo cha kanda cha TVLA, wakala wa maabara ya mifugo ya serikali, kiko Arusha, kilomita 80 hivi, na kichwa kinasafiri kwenye mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na barafu.

Saa 9:40

Bucha. Mifupa imemwagwa nyuma, mbwa saba. "Mangi, hili pipa halina mfuniko." Anasema limeibwa. Mfuniko wa bati wenye mnyororo, basi, na mifupa itoke kabla ya kufunga duka.

Saa 11:00 jioni

Daftari. Sindano zilizotumika kwenye kopo gumu, chupa ambazo hazijatobolewa friji, joto la kasha linaandikwa: 6. Kesho ni siku ya nne ya mbwa mwingine aliyefungwa Njoro. Saa mbili tunapita kumwekea maji na kuona kama anameza.