Stata Isiyoitika: Siku Moja ya Fundi Umeme wa Pikipiki, Mtwara

Anayetajiwa fundi pikipiki humfikiria mtu aliyelowa oili hadi viwikoni, mwenye nyundo mkono mmoja na spana mkono mwingine. Mimi ni fundi umeme. Kifaa changu kikuu ni mita ndogo yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kumzuia mteja asinunue kitu ambacho pikipiki yake haikihitaji. Anayeuza stata mpya, yaani mota ya umeme inayoizungusha injini ili iwake, hupata faida, na anayesema stata ni nzima huulizwa kwa nini anadai pesa.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimeshafungua kibanda changu hapa Magomeni, kwa sababu madereva wa bodaboda hutaka kuondoka kabla wanafunzi hawajaanza kutafuta usafiri. Kuanzia hapo hadi saa tatu ni fyuzi zilizoungua, honi zilizopoteza sauti, swichi ya breki na taa za nyuma. Pikipiki moja betri yake ilikuwa haijai. Niliipima betri injini ikiunguruma kwa kasi nikakuta volti 12.3 badala ya kati ya 13.5 na 14.5, nikabadilisha rektifaya, kifaa kinachoandaa umeme wa kuchaji betri, dereva akaondoka.

Saa tatu na nusu nilikunywa chai kwa ming'oko, viazi vya porini, ya kuchemsha ya mama anayepita na beseni. Msimu wa korosho, wakulima wakishalipwa na kila kijiji kikiwa na pikipiki mpya, hata nafasi hiyo ya kunywa chai huwa siipati.

Saa nne ndipo alipofika mzee mmoja, mwenye pikipiki mbili anazowapa vijana wabebe samaki kutoka Feri kupeleka vijiji vya upande wa Nanguruwe. Alikuja na dereva wake, na kwapani ameshika boksi lenye stata mpya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Nifungie hii, nina haraka."

Nilimwomba kwanza anieleze pikipiki inaumwa nini. Alinieleza kwa maneno marefu: ukibonyeza swichi inalia "tak" mara moja kisha kimya, wamebadilisha betri, hali ikabaki ileile, fundi mwingine akagusisha bisibisi kwenye relei, ile swichi ya umeme inayopeleka umeme wa betri kwenye stata, injini haikuzunguka, akatoa hukumu kwamba stata imekufa. Nikambonyezea swichi ili nisikie mwenyewe, na pikipiki ikawaka papo hapo, kama mtoto anayepona homa akifika mlangoni pa daktari.

Mzee alinitazama, akamtazama dereva, kisha akasema kwamba basi hakuna haja ya kunilipa. Nilimwambia kwamba tatizo linalojificha halijaondoka, na kwamba aniachie pikipiki kwa saa moja. Alikataa. Dereva, ambaye ndiye anayepiga kiki juani akiwa na kreti la samaki nyuma, hakusema kitu. Waliondoka, na kabla jua halijafika utosini nikawaona wanarudi, kijana akiisukuma pikipiki na mzee akimfuata na boksi lake.

Hapo ndipo siku ilipoanza kunichosha. Mzee alikaa kwenye benchi langu, akampigia simu yule fundi mwingine, akaweka sauti ya nje, na nikalazimika kupima huku nikisikiliza mtu asiyeiona pikipiki akinielekeza cha kufungua. Hoja ya mzee ilikuwa moja, nayo huisikia kila wiki: taa inawaka, honi inalia, kwa hiyo umeme upo, kwa hiyo kilichokufa ni stata.

Hoja hiyo ina sura ya ukweli, lakini inasahau kiasi. Taa ya mbele ya wati 35 kwenye mfumo wa volti 12 huhitaji takriban ampea 3, ilhali stata, hata ya pikipiki ndogo, huhitaji makumi ya ampea kwa zile sekunde chache za kuizungusha injini. Njia ya umeme iliyobakiwa na nyuzi chache za shaba inaweza kuwasha taa vizuri kabisa na bado ikashindwa kuzungusha stata.

Niliweka mita kwenye vichwa vya betri: volti 12.6, yaani imejaa. Nikamwambia kijana abonyeze swichi. Relei ikalia "tak", stata haikuzunguka, na mita ikabaki karibu palepale, wala taa haikufifia. Nilimwita mzee aje aone kwa macho yake. Betri ikiwa mbovu, volti zingeporomoka hadi chini ya 10 wakati wa kubonyeza; stata ikiwa imekwama, ingevuta umeme mwingi na taa ingefifia. Hapa umeme haukuwa ukisafiri kabisa, na jambo hilo peke yake lilitosha kuonyesha kwamba kuna mahali njia imekatika.

"Kwenye stata," alisema mzee. Sauti ya simuni ikaunga mkono.

Ilikuwa inawezekana, kwa sababu brashi za stata, vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani yake, zikiisha hutoa dalili hiyohiyo, na sikumficha. Ndiyo maana nilichukua waya wangu mnene, nikahakikisha gia iko huru, nikaunganisha chanya ya betri moja kwa moja na skrubu ya stata bila kupitia relei. Injini ikazunguka kwa nguvu na pikipiki ikawaka. Kumbe lile jaribio la bisibisi lilikuwa la kweli, ila hukumu yake ilikosewa: kuunganisha relei kwa bisibisi hakuupimi waya unaotoka kwenye relei kwenda kwenye stata.

Waya huo ulionekana mpya kabisa kwa nje. Nilipouchana mpira wake karibu na kichwa cha chini, unga wa kijani ulimwagika kiganjani, na kati ya nyuzi zote zilibaki chache zinazogusana, zinazoachana pikipiki ikitikiswa. Nilipomuuliza kijana kreti la samaki linafungwa wapi, hakuhitaji maelezo zaidi: maji ya barafu na chumvi yalikuwa yakichuruzika kupitia kiti hadi kwenye waya, kila siku.

Sikumbuki ilikuwa saa ngapi nilipomaliza. Nilikata waya mpya wenye unene uleule, nikabana vichwa vya shaba na kuvilehemu kwa risasi, nikasugua vituo vya relei kwa msasa, nikapaka grisi, na nikaupitisha waya upande ambao maji hayafiki. Chakula cha mchana kilikuwa kimeshapoa, na pikipiki nyingine zilikuwa zimepanga foleni hadi barabarani.

Nilidai shilingi 15,000, pamoja na waya. Mzee akaniuliza kwa mshangao wa kweli, "Kwa kipande hiki cha waya?" Nilimwonyesha boksi lake, ambalo lilikuwa bado halijafunguliwa na ambalo alilinunua kwa pesa nyingi zaidi ya hiyo, nikamwambia alirudishe dukani leo, kabla risiti haijapotea. Alihesabu noti polepole, akanipa 13,000, akaahidi zilizobaki atazileta pamoja na pikipiki ya pili, ambayo nayo hubeba samaki na imeanza kulia "tak" asubuhi.

Nilimwambia ailete kesho kabla ya kupakia, na kreti alitoboe tundu upande wa nje na kulitia mpira wa kutolea maji.