Nilivyozizoea Milima ya Iringa kwa Kukimbia Kutoka Sehemu Moja ya Historia Hadi Nyingine

Watu wengi wanaoanza mbio wakiwa Iringa wanaishia kukimbia kwenye uwanja au wanazunguka mtaa uleule tambarare, na nawaelewa kabisa, maana huu mji umekaa juu ya kilima na ukitoka tu upande wowote ule lazima ushuke, na ukishuka maana yake kurudi utapanda. Mimi pia nilianzia hapo hapo. Kilichonitoa mtaani ni kwamba nilitaka sana kuyajua maeneo ya Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kwa miguu yangu mwenyewe, sio kwa kupelekwa na gari nikapiga picha nikarudi, nikasema basi ngoja mbio zangu zote ziwe na mahali pa kufika, na mahali penyewe pawe na stori.

Nikaanza na Gangilonga kwa sababu ni karibu. Kwa asiyepajua, ni lile jiwe kubwa lililo juu ya mji, wazee wanasimulia kwamba Mkwawa alikuwa anakwenda pale kukaa na kutafakari, na ukipanda juu unauona mji wote chini yako na vilima vinavyouzunguka. Kutoka katikati ya mji sio mbali lakini ni kupanda moja kwa moja, alafu huku juu tuko kwenye mita 1,500 na kitu kutoka usawa wa bahari kwa hiyo kama umetoka Dar au Tanga juzi utashangaa pumzi imeenda wapi. Mimi nilifanya hivi, nilipokuwa napanda niliacha kabisa kuangalia saa. Nilikuwa najisikiliza tu pumzi, kama naweza kusema sentensi fupi bila kukatika basi mwendo uko sawa, nikishindwa kuongea napunguza, na kama bado nashindwa natembea kwa haraka mikono ikifanya kazi, kisha pakilegea kidogo narudi kwenye mbio. Kutembea kwenye mlima mkali ni sehemu ya mbio, hata wanaoshindana milimani huko duniani wanatembea sehemu zile kali.

Hatua nazo zinabadilika. Ukipanda kwa hatua ndefu kama za tambarare unaua vigimbi mapema sana, bora hatua fupi fupi za haraka, mwili uinamie mbele kidogo kuanzia kwenye vifundo vya miguu na sio kukunja kiuno, macho yaangalie mita chache mbele. Hiki kitu cha kukunja kiuno ndo kinachowachosha wengi nimeona, mtu anapanda kainama anaangalia raba zake, mapafu yamebanwa, anafika juu hoi.

Baada ya Gangilonga kuwa ya kawaida nikaunganisha na Boma. Boma ni lile jengo la Wajerumani mjini, limejengwa kama mwaka 1900, mwanzoni ikiwa hospitali ya jeshi na baadaye ofisi za serikali, siku hizi ni makumbusho. Nilipenda kuanzia pale kwa sababu ukisimama Boma alafu ukakimbia mpaka Kalenga ndo unaelewa hii vita kwa miguu. Kalenga ndiko ilikuwa ngome ya Mkwawa, chini bondeni karibu na mto Ruaha Mdogo, imezungushiwa ukuta wa mawe. Wajerumani walipoivunja tarehe 30 Oktoba 1894 hawakukaa palepale, miaka miwili baadaye wakaja kuweka kituo chao huku juu na ndo mji tulionao sasa. Kwenye kitabu ni mstari mmoja tu. Ukiikimbia unaona mwenyewe kwamba bondeni kuna maji na mashamba, huku juu kuna upepo na unamuona kila anayekuja, yaani unaelewa kila mmoja alikuwa anatafuta nini.

Sasa Kalenga ni kama kilometa 15 kutoka mjini kwa barabara ya kwenda hifadhi ya Ruaha, na ndo njia iliyonifundisha milima kuliko nyingine zote. Ugumu wake ni kwamba kwenda kuna mteremko mwingi, unajisikia una nguvu, unataka kukimbia kwa fujo, na hapo ndipo mapaja yanapoumia. Watu wanaogopa kupanda lakini mteremko ndo unaovunja misuli, kwa sababu paja linafanya kazi ya breki huku linavutika, na maumivu yake hayaji siku ileile, yanakuja kesho yake na keshokutwa yake ndo mbaya zaidi, kushuka ngazi tu unashika ukuta. Dawa yake ni kuzoesha kidogo kidogo. Nilichukua vipande vifupi vya mteremko, nikawa nashuka kwa hatua nyepesi za haraka, mguu unatua chini ya mwili na sio mbele, magoti yamelegea, kisigino kisipige chini kama breki. Mwili unajifunza, wiki zikipita mteremko uleule hauumi tena hivyo.

Kwa muda mrefu nilikuwa naenda Kalenga kwa mbio na kurudi kwa bodaboda na nawashauri wote muanze hivyo, hakuna anayekudai. Unafika, unakunywa maji, unaingia makumbusho, unarudi umekaa. Na makumbusho ya Kalenga usipite nje tu. Ni jengo dogo lakini ndani kuna mikuki, ngao, bunduki, na ndani ya kioo kuna fuvu la Mkwawa. Mara ya kwanza niliingia bado jasho linanitiririka, nikamsalimia mzee aliyekuwa pale, "Shikamoo mzee," akaitikia "Marahaba mwanangu, umekimbia toka mjini?" nikasema ndio, akasema pumzika kwanza, huyu hakimbii tena anakusubiri. Akanieleza taratibu sana, kwamba Mkwawa alipoona amezingirwa tarehe 19 Julai 1898 alijipiga risasi mwenyewe kuliko kukamatwa, kichwa kikakatwa kikapelekwa Ujerumani, kurudishwa kwake kukaandikwa mpaka kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, na bado ikachukua hadi 1954 ndo gavana Mwingereza Twining akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge. Nimesimama pale miguu inatetemeka nikawaza miaka yote hiyo watu wanadai kichwa cha babu yao. Sijawahi kukimbia njia ile kwa wepesi wa moyo tena, naikimbia kwa heshima.

Kurudi kwa mbio nako nikaja kukuweza, ila kwa mpango. Nilikuwa naongeza kipande cha kurudi kidogo kidogo, kwanza nakimbia mpaka kilima cha kwanza kisha napanda boda, alafu mpaka cha pili, hivyo hivyo. Kila wiki nyingine naacha mbio ndefu kabisa nakimbia fupi ili miguu ipone. Na chakula, hii safari ndefu usiitoke na tumbo tupu, mimi nilikuwa nabeba maji kwenye kimkoba cha mgongoni na ndizi, na chumvi kidogo kwenye maji siku za jua kali. Siku niliyofika mjini kwa miguu yangu kwenda na kurudi nilipita Boma nikagusa ukuta, nilifurahi sana jamani siwezi kuficha.

Isimila ni habari nyingine. Iko kama kilometa 20 kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya, na hiyo barabara mimi siikimbii, malori ni mengi na pembeni pamebana, pia mteremko wa kushuka Ipogolo magari yanashuka kwa kasi. Napanda gari mpaka njia panda, nashuka, alafu nakimbia zile njia za vumbi vijijini na kumalizia kwenye hifadhi yenyewe. Ukifika ndani acha kukimbia. Ni eneo la Zama za Mawe, wataalamu walianza kuchimba pale mwaka 1957, na zile zana bado zimelala chini palepale kwenye vibanda vilivyoezekwa. Nilichuchumaa kuangalia shoka moja la mkono, limechongwa pande zote mbili, ncha huku na sehemu ya kushikia kule limejaa kabisa kiganja, unaona kila pigo lilipotoa kigae. Usiokote, usisogeze hata kimoja, jiwe likishahama mahali pake limepoteza nusu ya maelezo yake. Kisha unashuka kwenye korongo, zile nguzo za mchanga zilizochongwa na mvua zimesimama juu yako kama minara, na mwongozaji anakupitisha.

Lugalo pia niliienda, upande wa barabara ya Dar, pale Wahehe walipolivamia jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski tarehe 17 Agosti 1891 na Zelewski mwenyewe akafa. Kuna mnara. Shida ni ileile ya barabara kuu, kwa hiyo gari kwanza kisha miguu. Ukikimbia zile njia za pembeni kwenye vichaka na mawe makubwa utaona jinsi kikosi cha watu mia kadhaa kinavyolazimika kujipanga mstari mrefu mwembamba, mbele hakuoni nyuma, na mtu mwenye mkuki akiwa amejificha mita chache tu hutamjua mpaka amekufikia. Nimesoma hiyo vita sana lakini pale kwenye njia ndo niliiona.

Mambo madogo madogo ambayo yamenisaidia. Kimbia upande wa kulia ili magari yaje unayaona usoni. Toka alfajiri kukishapambazuka, sio gizani. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi na upepo, vaa kitu cha mikono mirefu utakachokifunga kiunoni baadaye. Kuanzia Desemba mpaka Aprili ni mvua, udongo unateleza vibaya, raba zenye meno ndo zinafaa na mteremko wa udongo mwekundu mimi natembea. Vijijini salimia kila mtu, "Kamwene", salamu ya Kihehe, inafungua njia na hata mbwa wanaitwa mapema, watoto watakukimbiza mpaka mwisho wa kijiji na wengine wana kasi ya kutisha wallahi. Ukiona makaburi au mahali pamezungushiwa mawe usikatize, uliza kwanza.

Sasa hivi najiandaa na Mlambalasi, ambako ndo lilipo kaburi la Mkwawa. Ni mbali, kama kilometa 50 kwa barabara hiyohiyo ya Ruaha, kwa hiyo mpango ni gari mpaka karibu kisha kukimbia kipande cha mwisho kwenye miinuko ile, na kwa kuwa upande ule ni mkavu na joto kuliko mjini nimeanza kufanya mazoezi ya saa nne asubuhi badala ya alfajiri, maji lita mbili mgongoni. Kama kuna anayeijua ile njia kwa miguu aniambie maji yanapatikana wapi na kama kuna njia ya watu tofauti na barabara ya magari.