Nyota kubwa hailipuki kwa kuwaka, hulipuka kwa kuporomoka

Katikati ya Februari, saa tatu usiku, toka nje popote Nairobi ambapo mawingu yameachia, uinue uso karibu utosini. Ile nyota yenye wekundu begani mwa Jabari, kundinyota la Orion, ndiyo Ibuti la Jauza, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Betelgeuse. Kila ikitajwa watu huuliza italipuka lini, na je, itatuunguza? Jibu la swali la pili limo katika namna mlipuko wenyewe unavyofanyika, na hapo ndipo maelezo mengi hupotoka. Husemwa kwamba nyota huishiwa fueli, ikapasuka. La. Kwanza huporomoka.

Nyota ni rundo la gesi linalovutwa ndani na uzito wake lenyewe, na joto la kiini ndilo linalolizuia. Chukua nyota yenye uzito mara 25 wa Jua. Hidrojeni yake hudumu miaka kama milioni 7. Majivu yake ni heli, nayo humalizika kwa miaka laki kadhaa. Kaboni huchukua karne chache, neoni mwaka hivi, oksijeni miezi, silikoni siku moja tu. Mbio hizi zina sababu mbili. Kila fueli mpya hutoa nishati kidogo kuliko hidrojeni ya mwanzo. Tena, kuanzia kaboni, kiini huwa na joto la kuzalisha nyutrino nyingi, chembe zinazopenya nyota nzima kana kwamba haipo na kuondoka na joto lake. Nyota inalazimika kuchoma upesi zaidi ili isimame, kama mtu anayejaza mtungi uliotoboka.

Silikoni huacha chuma, na chuma hakiwaki. Ukiunganisha viini vya atomi za chuma hupati nishati, unaitumia. Kwa hiyo chuma hurundikana katikati, tufe lililo dogo kuliko Dunia, likishikiliwa na elektroni zinazokataa kubanwa zaidi. Elektroni nazo zina kikomo, takriban mara 1.4 ya uzito wa Jua. Kikomo kikifikiwa, miali ya gama, nuru yenye nishati kubwa mno, iliyomo kiinini huvunja chuma na kumeza joto, huku elektroni zikisukumwa ndani ya protoni na kuzigeuza nyutroni. Yaani nguzo yenyewe inaliwa.

Kiini huanguka kwa muda usiofika sekunde moja, sehemu zake za nje zikikimbia makumi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde. Kinachobaki hatimaye, nyota ya nyutroni, kina upana wa kilomita 20 na kidogo, kama kutoka Kencom, katikati ya Nairobi, hadi mji wa Ngong kwa mstari ulionyooka. Kijiko cha chai cha maada hiyo kina uzito wa zaidi ya tani bilioni moja. Hapo maada hukakamaa ghafla, kiini kinadunda, na mdundo huo hutuma wimbi la mshindo kuelekea nje.

Wimbi hilo hukwama. Kila chuma linachokutana nacho njiani hulipunguzia nguvu linapokivunja, na likifika kilomita 150 hivi kutoka katikati linasimama, huku tabaka za juu zikizidi kuliangukia. Kwa miaka mingi hesabu za kompyuta zilikomea papo hapo, nyota zikakataa kulipuka. Mwokozi ni nyutrino. Nyota changa ya nyutroni huzimwaga kwa wingi mno, zikibeba karibu asilimia 99 ya nishati yote, na nyuma ya wimbi maada imesongamana kiasi cha kunasa sehemu yake ndogo. Gesi hupata joto, ikatokota kama uji mzito, viputo vikipanda upande huu na kuzama upande ule. Hesabu za zamani zilichukulia nyota kuwa tufe kamilifu, kwa hiyo mtokoto huo haukuwemo. Mtokoto ukichelewa, maada huzidi kuanguka na nyota ya nyutroni hulemewa, ikawa shimo jeusi.

(Mabaki ya aina hizi mbili yalichunguzwa na Uhuru, setilaiti ya kwanza ya miali ya eksi pekee, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina kwa heshima ya sikukuu yetu ya uhuru. Kila mwanafunzi wa Kenya anastahili kuijua.)

Ushahidi wa mporomoko huo ulikuja tarehe 23 Februari 1987, kutoka kwa nyota iliyolipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, umbali wa miakanuru 168,000 hivi. Vifaa vya Japani, Marekani na Umoja wa Kisovieti vilinasa nyutrino kama dazeni mbili, saa kadhaa kabla nuru haijaonekana, maana wimbi la mshindo lina safari ndefu hadi juu ya nyota. Baadaye mwanga ulififia kwa mwendo uleule wa kuoza kwa kobalti-56, metali yenye mnururisho iliyozaliwa na mlipuko, ambayo nusu yake huoza kwa siku 77 na kuwa chuma.

Je, mlipuko wa namna hii waweza pia kutoa mmweko mrefu wa miali ya gama, yaani mfumuko wa ghafla wa nuru hiyo kali? Mmweko huo unahitaji zaidi ya hayo. Setilaiti za Vela za Marekani, zilizowekwa kugundua majaribio ya nyuklia, ziliuona kwanza mwaka 1967. Kiini kinachozunguka kwa kasi kikiwa shimo jeusi, maada inayolizunguka hurusha michirizi miwili kwenye ncha za mhimili, karibu na kasi ya nuru. Mchirizi lazima utoboe nyota kabla injini yake, yaani shimo hilo na maada inayolizunguka, haijazimika, na injini hudumu sekunde chache tu au makumi yake. Nyota iliyokwisha kuvuliwa koti la hidrojeni hutoboka. Iliyovimba huuzima mchirizi tumboni.

Ibuti la Jauza imevimba: ingekaa mahali pa Jua, ingemeza hata obiti ya Mirihi. Mmweko wa gama haitarajiwi kutoa, na umbali wake wa mamia ya miakanuru unatosha kutukinga na mlipuko wa kawaida. Wakati wake ukifika, labda miaka elfu nyingi ijayo, nyutrino zitatangulia kwa saa nyingi, kisha nukta nyeupe itaonekana juu ya jiji hata mchana.